SOMO: Fosforasi haitembei, kwa hiyo pima udongo kwa tabaka

"Nimeacha kutifua, mahindi yanageuka zambarau, niongeze DAP kiasi gani?" Zambarau mara nyingi ni dalili ya kukosa fosforasi, kirutubisho kilichomo kwa wingi kwenye DAP, mbolea ya kupandia. Swali hili limejibiwa hapa mara nyingi mno. Atakayeuliza tena nitamleta huku.

1. Chukua sampuli kabla ya mbolea yoyote.

2. Sehemu iliyotifuliwa na isiyotifuliwa usizichanganye.

3. Chimba vishimo 15 hadi 20 kwa kila sehemu, kwa mwendo wa zigizaga.

4. Tenganisha tabaka. Hatua hii niliwahi kuiharibu, isome mara mbili. Fosforasi hushikwa na udongo palepale ilipoangukia, haishuki na maji kama nitrojeni. Jembe la trekta huichanganya hadi sm 20 hivi. Ukiacha kutifua, mbolea na masalia ya mazao hubaki juu, na miaka ikipita sm 5 za juu hushiba huku chini kukififia. Ukitia vyote ndoo moja, maabara itakupa wastani unaosema "inatosha", ilhali jua likikausha juu mizizi haina pa kunyonya. Ondoa masalia kwa mkono bila kukwangua udongo. Kata sm 0–5, tia ndoo ya kwanza. Bandua tabaka hilo kwa upana unaozidi koleo lako, ndipo ukate sm 5–20. ONYO: udongo wa juu ukidondokea shimoni, acha shimo hilo. ONYO: usichimbe kwenye mstari wa mbolea ya msimu uliopita.

5. Juu kumeshiba, chini kumepungua? Fukia mbolea ya kupandia sm 5 pembeni na sm 5 chini ya mbegu. Ya kutawanya hubaki juu, na maji ya mvua yanayotiririka huisomba pamoja na udongo.

6. Usipande mahindi mara tu baada ya kabichi au haradali. Hazilishi kuvu wanaoisaidia mizizi kufikia fosforasi.

MASWALI

– Mkuu, sijasoma yote. Mifuko mingapi kwa ekari?
Hatua ya 4. Bila kipimo sina idadi.

– Nikizungusha na mbaazi si fosforasi itaongezeka?
Hapana. Mikunde huongeza nitrojeni. Fosforasi hakuna mmea unaoitengeneza. Ila umegusa jambo zuri: mizizi ya mbaazi hutoa asidi inayofungua fosforasi iliyoshikwa na chuma, na zao linalofuata hufaidi masalia yakioza. Hesabu haibadiliki lakini: kila tani ya punje za mahindi huondoka na takriban kilo 3 za fosforasi.

– Nitifue mara moja tu, ichanganyike?
Tambarare, na tofauti ya tabaka ikiwa kubwa kweli, inafaa. Mteremkoni usithubutu, udongo uliolegea huondoka na fosforasi yake.

– Mfuko wa DAP una kilo 23 za fosforasi, sivyo?
Hiyo ni P2O5, yaani fosforasi pamoja na oksijeni, ndivyo mifuko inavyoandikwa. Zidisha kwa 0.44: kilo 10 za fosforasi yenyewe kwa mfuko wa kilo 50. Soma maabara wameandika ipi.

– Naongezea: ndoo iwe ya plastiki. Ya mabati huharibu kipimo cha zinki.
Kweli kabisa. Na zinki ipimeni, maana fosforasi ikizidi mahindi hushindwa kuipata.