Msigawane Kabla ya Kuulizana

Mimi na mdogo wangu hatukusemezana kwa miezi minne, sababu ni cherehani ya marehemu mama. Ndugu walitushauri tuiuze, pesa tugawane nusu kwa nusu. Ushauri wa huruma, lakini ungetunyima wote wawili, kwani hakuna aliyetaka pesa.

Kilichotutoa pale ni maswali mawili, nami nakusihi uanze nayo: "Ukiipata, utaifanyia nini?" na "Ukiikosa, unaogopa nini?" Liepuke "kwa nini unaitaka?", maana penye ugomvi husikika kama mashtaka. Swali la pili ndilo lililofungua mambo. Mdogo wangu alinyamaza, kisha akasema anaogopa nitaiuza siku nikibanwa, asibaki na chochote kilichopita mikononi mwa mama. Mimi niliitaka kwa kazi, nashona. Kumbe hatukuwa tukigombea kitu kimoja.

Ukishajibiwa, rudia ulichosikia mpaka mwenzako aseme, "Ndiyo, hivyo hivyo." Usijitetee bado. Hapo nilikosea mara mbili, na kila mara tulirudi mwanzo.

Hata mataifa yamewahi kupatana hivi. Mwaka 1978, mazungumzo ya Misri na Israel huko Camp David, Marekani, yaliikuta Sinai, rasi ya Misri, ikishikiliwa na Israel tangu vita vya 1967. Misri ilitaka ardhi yake yote, na Israel ilihofia majeshi karibu na mpaka wake. Kuikata katikati kusingetuliza upande wowote. Walichokubaliana ni kwamba Sinai irudi Misri yote, ila majeshi na silaha ziwekewe mipaka humo.

Baada ya kusikilizana, leta mapendekezo matatu kwa pamoja. Likiwa moja tu, mtaishia kuvutana kati ya ndiyo na hapana. Tafuta kilicho chepesi kwako kukitoa lakini kwa mwenzako kina uzito mkubwa. Sisi tulikubaliana cherehani nibaki nayo, nisiiuze bila ridhaa yake, na nikiacha kushona iende kwake. Yeye akachukua droo ya cherehani pamoja na mkasi, vifungo na kastabini ya mama. Mimi droo ile sikuwa hata nimeifikiria.

Mwenzako akitisha au akidanganya, simamisheni mazungumzo mpaka apatikane mtu mnayemwamini wote.

Na andikeni, hata kama ni ndugu wa tumbo moja: nani anafanya nini, nani analipia matengenezo, na hali ikibadilika itakuwaje. Karatasi yetu ina mistari mitano. Anaitunza yeye, ndani ya ile droo.