SOMO: Kuchonga povu la kalibu kwa vipande vya ndege vya faibaglasi

Habari wakuu. Naona wengi wetu tunakimbilia kitambaa cha faibaglasi na epoksi (gundi ya maji maji inayokauka na kukifanya kitambaa kigumu) kabla povu halijakaa sawa, halafu wiki nzima inaisha tunapaka filla ya kuziba mabonde na kupiga msasa, na filla ni uzito, na uzito kwenye ndege unaulipia kila unaporuka. Faibaglasi haisahihishi kitu. Inalala juu ya povu na kuiga kila kilichopo, bonde linabaki bonde na kinundu kinabaki kinundu. Kwahiyo leo naongelea povu tu, kitambaa tutakigusa kidogo mwishoni.

Anza na vipande visivyobeba mzigo, mfano kava ya gurudumu, ncha ya bawa, au kile kifuniko cha pale bawa linapokutana na bodi. Kitu chochote kinachoibeba ndege hewani fuata michoro ya mbunifu kama ilivyo, na povu lile lile aliloandika, hapo hakuna kubuni.

Lijue povu lako kwanza

Hapa ndipo watu wanaumia kwahiyo msiruke. Polistaireni, lile povu jepesi la mbao za kuzuia joto, linakatwa na waya wa moto na linatoka laini sana. Ndilo Burt Rutan, mbunifu wa ndege wa Marekani, alilolitumia kwenye mabawa ya VariEze, ndege yake ndogo ya kujitengenezea iliyoruka mara ya kwanza 1975, anakata kiini cha povu kwa waya halafu faibaglasi inapigwa moja kwa moja juu yake na povu linabaki humo humo. Adui zake ni petroli, asetoni na resini ya poliesta (gundi nyingine ya faibaglasi), vyote vinaliyeyusha. Polistaireni ni epoksi tu.

Poliyurethani ni lile linalosagika ukilikwaruza na kucha. Hili ni la kisu na msasa, linachongeka vizuri mno kwa maumbo ya mviringo. LAKINI usilikate kwa waya wa moto hata siku moja, moshi wake una sumu ya sayanaidi ndani yake, kufungua dirisha hakutoshi. Kama hujui povu ulilonalo ni lipi, weka waya pembeni, tumia kisu.

Violezo

Chora umbo kwenye plaiwudi nyembamba, kata, halafu piga msasa ukingo mpaka kidole kikipita kisikwame popote, maana waya utafuata kila kijino. Usisahau kutoa unene wa faibaglasi. Safu moja ya kitambaa cha kawaida cha kusuka ina takribani milimita 0.3, ukipiga nne umeshaongeza zaidi ya milimita 1 kila upande, na kifuniko kinachotakiwa kukaa juu ya kitu kingine kitagoma kuingia.

Andika namba kwenye kiolezo, 1 hadi 10 mfano, kuanzia mbele kwenda nyuma, na kiolezo cha upande wa pili vivyo hivyo. Kama upande mmoja ni mdogo namba zitabanana, ni sawa, ndiyo kazi yake. Bandika violezo kwenye ncha mbili za bonge la povu kwa misumari, pima maji iseme viko sawa, ndipo uguse waya.

Kukata

Waya wa stenlesi umekazwa kwenye upinde mpaka ukiugusa unalia kama gitaa, na umeme wake upite kwenye transfoma inayoshusha volti, kamwe usiuchukue moja kwa moja ukutani. Jaribu kwenye kipande cha kutupa. Ukiacha nyuzi nyembamba kama nywele joto linatosha, ukiacha mfereji mpana umezidi, ukilazimika kusukuma bado ni baridi.

Mnakata wawili, mmoja anaita namba kwa sauti na wote mnafika kwenye namba hiyo kwa pamoja. Mwendo ni kama sentimita 2.5 kwa sekunde 4 hadi 6, polepole, mkono hausukumi unauongoza tu. Na msisimame njiani, pale mliposimama waya unakula shimo.

Kuchonga kwa mkono

Kwa poliyurethani mimi nasimamisha violezo vya plaiwudi katikati ya vipande vya povu, kama mkate uliokatwa, halafu nachonga mpaka ukingo wa plaiwudi uanze kuonekana. Gundi isifike juu, iache kama sentimita 3 kutoka usoni, kwasababu gundi ni ngumu kuliko povu na msasa utakula povu pembeni yake na kuacha tuta. Nililipata hilo tuta kwenye kava yangu ya kwanza ya gurudumu na likanilazimu kuanza upya. Msasa uwe kwenye ubao mrefu, ukishika na vidole utachimba mabonde. Zima taa kubwa, washa tochi kwa pembeni, kivuli kitakuonyesha kila kosa, halafu fumba macho upitishe kiganja. Kona kali zote zizungushe kidogo, kitambaa hakipendi kukunjwa kwenye kona, kinanyanyuka na hewa inabaki chini.

Barakoa ya vumbi muda wote.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu nina resini ya poliesta nyingi na povu ni polistaireni, nikilipaka rangi kwanza si itazuia?
Jibu: Tundu dogo kama la sindano linatosha resini kupita na kula povu chini kwa chini, utaona umbo linazama tu. Badili povu, poliyurethani inaivumilia poliesta.

Swali: Nataka kipande kiwe wazi ndani, povu nalitoaje?
Jibu: Kama povu ni la kutoa, livishe selotepu ya kahawia ya maboksi kabla ya kitambaa, epoksi haishiki pale. Epoksi ikikauka kabisa chimbua povu kwa mkono, mabaki ya polistaireni yayeyushe na asetoni kidogo, nje penye hewa, mbali na moto.

Swali: Ncha zimetoka safi ila katikati bawa limebonyea upande wa mbele, violezo nimepima mara tatu viko sawa.
Jibu: Violezo havina kosa mkuu, ni waya. Mlienda haraka, ncha zikatangulia na katikati ukabaki nyuma, na pale mbele panapopinda ndipo unapokata njia ya mkato ndani ya kona. Kaza waya zaidi na mkifika kwenye mpindo wa mbele punguzeni mwendo, namba za hapo ziandikwe karibu karibu. Hilo bonge msasa hauliokoi, povu lililokwishaliwa halirudi, kateni jingine, halafu likague kwa rula ndefu iliyonyooka kutoka ncha hadi ncha.