Jinsi ya Kusoma Wasifu wa Shule ya Sekondari ya Umma katika Kitongoji cha Marekani

Mzazi aliyesomea Kenya, Tanzania au Kongo amezoea kuipima shule kwa matokeo ya mtihani wa taifa, na anapohamia Marekani jambo la kwanza analolitafuta ni orodha ya aina hiyo. Haipo. Marekani haina mtihani mmoja wa taifa wa kumaliza sekondari: kila jimbo lina mitihani yake, kila wilaya ya shule (eneo lenye mamlaka na bajeti yake ya elimu) hupanga masomo yake, na shule yenyewe hujieleza kwa waraka mfupi, mara nyingi wa kurasa mbili tu, unaoitwa wasifu wa shule. Waraka huo huandaliwa na ofisi ya washauri wa wanafunzi ili uambatane na transkripti, yaani rekodi rasmi ya masomo na alama, ya mwanafunzi anayeomba nafasi ya chuo kikuu. Msomaji aliyekusudiwa, basi, ni afisa wa udahili wa chuo, si mzazi, na shule hutanguliza yale yatakayomridhisha afisa huyo.

Wasifu hupatikana katika tovuti ya shule, kwenye ukurasa wa washauri wa wanafunzi, na usipouona unaweza kuuomba ofisini bila malipo. Usiusome peke yake. Sheria ya shirikisho ya mwaka 2015 inalitaka kila jimbo kutoa ripoti ya kila mwaka kuhusu kila shule ya umma, yenye takwimu za kuhitimu, mitihani, utoro na matumizi ya fedha kwa kila mwanafunzi, tena zikiwa zimegawanywa kwa makundi ya wanafunzi. Weka nyaraka hizo mbili bega kwa bega, na zikipingana, iamini ripoti ya jimbo. Zile tovuti za binafsi zinazozipa shule alama moja hadi kumi, ambazo madalali wa nyumba hupenda kuzinukuu, huakisi sana kipato cha wazazi, na mimi huziacha mpaka mwisho.

Anza na jina la wilaya na mipaka yake. Katika vitongoji vingi, anwani ya nyumba ndiyo inayoamua mtoto atasoma wapi, na sehemu kubwa ya fedha za shule hutoka katika kodi ya nyumba na ardhi ya eneo hilohilo, huku serikali ya shirikisho ikichangia sehemu ndogo tu. Chukua mfano wa New Trier, shule iliyofunguliwa mwaka 1901 huko Winnetka, kitongoji cha matajiri kilicho kando ya Ziwa Michigan kaskazini mwa Chicago. New Trier ni wilaya ya peke yake, yaani Wilaya ya 203, isiyoendesha shule ya msingi hata moja, na ina kampasi mbili: wanafunzi wa mwaka wa kwanza husoma Northfield na waliosalia husoma Winnetka. Septemba 2008, James Meeks, mchungaji aliyekuwa pia seneta wa jimbo la Illinois, aliongoza zaidi ya wanafunzi 1,000 wa Chicago kususia siku ya kwanza ya masomo na kwenda kwa mabasi hadi New Trier kujaza fomu za kuomba nafasi, ili kuonyesha tofauti ya fedha kati ya shule zilizo mwendo mfupi tu baina yao. Illinois ilibadilisha fomula yake ya kugawa fedha za elimu mwaka 2017, lakini uhusiano wa thamani ya nyumba na bajeti ya shule haujakatika. Kwa hiyo, unaposoma kwamba shule ina bwawa la kuogelea, ukumbi wa maonyesho na maabara mpya, jua kwamba hizo ni habari za mtaa kabla hazijawa habari za ufundishaji.

Kutokana na hilo huja kishawishi cha kutumia anwani ya shemeji au rafiki aishiye upande wa pili wa mpaka. Usithubutu. Wilaya nyingi za vitongoji hupeleleza makazi ya wanafunzi, na mwaka 2011 mama mmoja wa Akron, Ohio, alihukumiwa kifungo cha siku 10 jela baada ya kuwaandikisha binti zake katika wilaya jirani kwa anwani ya babu yao. Kabla ya kutia sahihi mkataba wa pango, ingiza namba kamili ya nyumba katika ramani ya mipaka iliyo kwenye tovuti ya wilaya, kwa maana barabara moja inaweza kuwa na nyumba za upande huu katika shule moja na za upande ule katika nyingine.

Baada ya hapo tazama wanafunzi wenyewe ni akina nani. Asilimia ya wanaopata chakula cha mchana cha bure au cha bei nafuu hutumika kama kipimo cha umaskini: kwa kawaida familia yenye kipato kisichozidi asilimia 130 ya kiwango cha umaskini cha shirikisho hupata bure, na isiyozidi asilimia 185 hulipa bei iliyopunguzwa. Pia kuna asilimia ya wanaojifunza Kiingereza. Ukikuta nyota badala ya namba, kundi hilo ni dogo kiasi kwamba takwimu zimefichwa kulinda faragha, nalo ni jibu la aina yake, kwa sababu mtoto wako atakuwa mmoja kati ya wachache sana na yafaa kuuliza kama yupo mwalimu wa Kiingereza wa kudumu au ni yule anayezunguka shule kadhaa kwa wiki.

Kiwango cha kuhitimu huhesabiwa kwa kuwafuata walioanza darasa la 9 pamoja, yaani mwaka wa kwanza wa sekondari, kuwaongeza waliohamia, kuwatoa waliohama, kisha kuangalia ni wangapi wamepata diploma ya kawaida katika miaka minne. Wastani wa nchi nzima uko karibu asilimia 87, na shule nyingi za vitongoji hupita hapo, kwa hiyo asilimia 95 isikushangaze. Shuka hadi mstari wa wanaojifunza Kiingereza. Pengo kati ya mstari huo na wastani wa shule litakueleza mengi kuliko wastani wenyewe. Kijana anayefika akiwa na miaka 17 bila Kiingereza cha kutosha huenda asimalize kwa miaka minne, na baadhi ya ofisi humshauri aende elimu ya watu wazima. Mzazi ajue kwamba majimbo mengi humruhusu kuendelea na shule ya kawaida mpaka afikie miaka 20 au 21.

Namba zinazong'aa zaidi katika wasifu ni za masomo ya AP, yaani masomo ya kiwango cha chuo kikuu yanayofundishwa sekondari, ambayo mitihani yake hufanyika kila Mei na kupewa alama 1 hadi 5, huku 3 ikihesabiwa kuwa ya kufaulu. Shule ikijivunia kwamba asilimia kubwa ya watahiniwa walipata 3 au zaidi, uliza watahiniwa hao ni sehemu gani ya wanafunzi wote, na kama mwanafunzi yeyote anaweza kujiandikisha au lazima apendekezwe na mwalimu. Kuhusu mitihani inayotumika kuombea vyuo, SAT yenye alama za juu 1600 na ACT yenye alama za juu 36, fahamu kama kila mwanafunzi hufanya au wale tu wanaotaka: Illinois huwafanyisha wote wa darasa la 11, na tangu mwaka 2025 hutumia ACT, kwa hiyo wastani wake haulinganishwi na wa mahali ambapo hujitokeza wanaojiamini tu. Wastani wa alama uitwao GPA nao husomwa kwa kipimo chake. Baadhi ya shule huishia 4.0, nyingine huongeza uzito kwa masomo magumu hadi 5.0 au zaidi, na wasifu ndio unaoeleza ipi inatumika.

Sehemu ambayo wazazi wengi huiruka, na ambayo kwangu ina uzito kuliko zote, ni mfuatano wa masomo ya hisabati. Nchini Marekani hisabati ya sekondari hugawanywa kwa miaka: aljebra ya kwanza, jiometri, aljebra ya pili, maandalizi ya kalkulasi, halafu kalkulasi. Ni hatua tano ndani ya miaka minne, na anayefika kalkulasi darasa la 12 kwa kawaida ni yule aliyemaliza aljebra ya kwanza akiwa darasa la 8. Mtoto aliyetoka kidato cha pili nchini Tanzania amesoma aljebra na jiometri pamoja chini ya jina moja la Hisabati. Ofisi ikiliona jina hilo tu, mara nyingi humweka katika aljebra ya kwanza, na kwa uamuzi huo wa wiki ya kwanza mlango wa kalkulasi, na mara nyingine wa fizikia ya juu, huwa umefungwa kimyakimya. Nenda na muhtasari wa masomo yake, daftari zake na vitabu kama unavyo, kisha omba mtihani wa kumpanga, ikiwezekana wenye maelezo machache ya Kiingereza. Uliza pia kama yapo masomo ya kiangazi yanayomruhusu mwanafunzi kuruka hatua.

Hesabu idadi ya wanafunzi kwa kila mshauri. Chama cha taaluma hiyo nchini humo kinapendekeza wasizidi 250, na mshauri mwenye 400 hatapata nafasi ya kulijua jina la mwanao mapema. Utoro sugu maana yake ni kukosa asilimia 10 ya siku za masomo, yaani kama siku 18 kati ya 180, na siku za ugonjwa huhesabiwa pia. Familia inayopanga kurudi nyumbani Desemba kwa wiki tatu iweke hesabu hiyo kichwani.

Yapo mambo ambayo wasifu hausemi, ingawa ni haki yako. Tangu hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani katika kesi ya Lau dhidi ya Nichols ya mwaka 1974, shule haiwezi kumwacha mtoto asiyejua Kiingereza akae tu darasani bila msaada, na shule hutakiwa kumpa mzazi mkalimani katika mikutano muhimu, hivyo si lazima mtoto awe mkalimani wa kesi yake mwenyewe. Uliza pia juu ya muhuri wa lugha mbili, utambulisho rasmi kwamba mhitimu anamudu Kiingereza na lugha nyingine, ambao California iliuanzisha kwa sheria mwaka 2011 na sasa uko karibu kila jimbo. Palipo na mtihani wa Kiswahili, kijana wako anaweza kuupata na ukaonekana katika transkripti yake.

Ukisharidhika, kaandikishe. Beba mkataba wa pango au bili ya umeme yenye jina lako, cheti cha kuzaliwa au pasipoti ya mtoto, kadi ya chanjo na matokeo ya shule aliyotoka. Mahakama hiyohiyo ya Juu iliamua mwaka 1982, katika kesi ya Plyler dhidi ya Doe, kwamba mtoto hawezi kunyimwa elimu ya umma kwa sababu ya hali yake ya uhamiaji, kwa hiyo karani akiulizia viza, unaweza kukataa kwa adabu. Kwa anayeingia mwaka unaofuata, uliza tarehe ya kuchagua masomo, kwa kuwa shule nyingi hulifanya zoezi hilo mwanzoni mwa mwaka, miezi kadhaa kabla masomo hayajaanza Agosti au Septemba, na madarasa yanayotakiwa na wengi hujaa wakati huo.