Kabla ya Kulipia Dume wa Nyara Ndani ya Uzio: Namna ya Kuikagua Ranchi ya Kulungu Marekani

Ranchi nyingi za uwindaji Marekani, hasa Texas ambako zaidi ya asilimia 90 ya ardhi ni mali ya watu binafsi, zimezungushiwa uzio wa futi 8, yaani karibu mita 2.4. Uzio wa kawaida wa ng'ombe ni nusu ya hapo, na kulungu wa mkia mweupe huuruka bila taabu. Huu mrefu hauruki, isipokuwa mara chache sana. Ubishi wote umeanzia hapo: wengine wanasema mnyama asiyeweza kutoka hawindwi, anachinjwa tu, wengine wanasema uzio ni njia ya kutunza kundi, na kwamba humo ndani kulungu anajificha vilevile.

Ukitaka kuamua kwa haki, usianze na uzio. Anza na swali hili: dume unayeonyeshwa alizaliwa katika vichaka vya ranchi hiyo, au aliletwa na lori? Jibu lake litakueleza zaidi kuliko urefu wa waya.

Ulizia asili ya dume

Ziko ranchi za namna mbili, na kwenye matangazo zinafanana kabisa. Ya kwanza imezingira kundi lililokuwapo. Uzio unazuia madume wachanga wasivuke kwenda kupigwa risasi kwa jirani wakiwa na miaka 2, na mwenye ranchi anapunguza majike kila mwaka ili malisho yatoshe. Ya pili inanunua madume kutoka kwa wafugaji wenye kibali, madume waliotokana na mbegu za madume mashuhuri, wakavishwa hereni za namba masikioni na kukua wakila kwenye kihori. Hao hushushwa ndani ya uzio, kisha wanauzwa kwa mwindaji.

Kuzitofautisha si kazi ngumu ukijua pa kuangalia.

Tazama ukubwa wa pembe kwanza. Pembe hupimwa kwa inchi: urefu wa shina kuu la kila upande, urefu wa matawi, nafasi kati ya mashina mawili, na mizunguko minne ya unene kila upande, vyote vikijumlishwa. Dume wa porini mwenye pembe za umbo la kawaida anayeshikilia rekodi ya dunia ya Boone and Crockett Club, klabu inayotunza rekodi za nyara, aliwindwa Saskatchewan, Kanada, mwaka 1993, naye alipata 213 5/8. Mwenye pembe zisizo za kawaida anayeongoza ni yule aliyeokotwa akiwa amekufa katika Kaunti ya St. Louis, Missouri, mwaka 1981, kwa 333 7/8. Basi ranchi inayokuwekea picha za madume watano wa inchi 300 na zaidi katika msimu mmoja haijabarikiwa kichaka cha ajabu. Imefuga.

Tazama masikio. Tundu, mpasuko au ukingo uliochanika ni alama ya hereni iliyotolewa. Tazama pia anavyosikia gari: kulungu wa porini huganda au hutoweka, aliyelishwa kwa mkono husogea.

Kisha omba picha za kamera za porini za mwezi Juni au Julai zinazomwonyesha dume huyohuyo, pembe zikiwa bado zimefunikwa na ngozi laini, ndani ya eneo hilohilo utakalowinda. Tunalitegemea ombi hili kuliko maswali mengine yote. Dume huangusha pembe zake baada ya msimu wa kupandana, wakati wa baridi au mwanzo wa majira ya kuchipua, na mpya huwa zimekomaa kufikia Septemba. Aliyeziotesha humo ameishi humo tangu miezi ya kuchipua walau. Anajua maji yalipo, anajua upepo unavyopita bondeni, ana mahali pa kulala mchana. Aliyeshushwa wiki mbili kabla yako hajui lolote kati ya hayo. Hutembea akifuata waya, hurudi kwenye chakula, husimama wazi kwa sababu hajajifunza kuogopa. Kumpiga huyo kwa bunduki kutoka kwenye kibanda cha kuvizia si kuwinda, na hatuoni jina jingine la heshima la kuliita tendo hilo. Mwenye ranchi akikataa kutoa picha za kiangazi, ishia hapo.

Pima eneo mwenyewe

Ekari zilizoandikwa kwenye tangazo hazitoshi. Fungua ramani ya satelaiti, omba mipaka, uone mambo matatu: umbo la eneo, vichaka, na nyuzi za ndani. Ranchi ya ekari 2,000 iliyogawanywa vipande vinne kwa uzio wa ndani ni ranchi nne za ekari 500, na wewe utawinda katika kimojawapo.

Hesabu ya umbali ni rahisi. Eneo la mraba la ekari 200 lina upande wa mita 900 hivi, kwa hiyo hata akiwa katikati kabisa, kulungu yuko mita 450 tu kutoka kwenye waya. Ekari 640, ambazo ni maili 1 ya mraba, humpa mita 800. Ekari 1,000 humpa kilomita 1. Eneo jembamba na refu hupunguza umbali huo sana, hata kama ekari ni zilezile. Kumbuka pia kwamba dume mzima wa porini mara nyingi huzunguka eneo linalokaribia maili 1 ya mraba, hupungua au kuongezeka kulingana na chakula na majira.

Lakini ekari bila vichaka ni namba tupu. Ekari 600 za miiba iliyoshonana na makorongo humficha dume vizuri zaidi kuliko ekari 1,500 za nyasi zilizofyekwa na kupasuliwa na barabara. Hesabu njia zilizofyekwa na mashine za kumwagia mahindi zinazoonekana kwenye picha. Mashine hizi hufunguka kwa saa iliyopangwa, asubuhi na jioni, na kulungu huizoea saa hiyo. Kwenye ardhi binafsi Texas ni halali. Ila mashine moja kwa kila ekari 50 katika eneo dogo maana yake hakuna kulungu anayeishi mbali na chambo. Uliza kama unaweza kuwinda kwa miguu, au kukaa kwenye njia za wanyama bila mashine mbele yako. Jibu la "hapana" linakuonyesha jinsi biashara ilivyopangwa.

Kipimo chetu: chini ya ekari 500, hata kundi likiwa la asili, usiite uwindaji wa haki. Kuanzia ekari 1,000 zenye vichaka vizito na kundi linalozaana lenyewe, kazi ya kumtafuta dume mmoja mzee ni kazi ya kweli, na wapo wanaorudi mikono mitupu. Uliza idadi ya wageni waliorudi hivyo msimu uliopita. Ranchi isiyokuwa na hata mmoja imekuuzia uhakika.

Angalia afya ya malisho

Uzio huzuia kutoka, na pia huzuia kupungua. Katika hifadhi ya George Reserve huko Michigan, kulungu sita walifungiwa ndani ya uzio mwaka 1928. Miaka sita baadaye walikuwa wamepita 150. Kundi lisilopunguzwa hula kichaka chake likakimaliza, na mwenye ranchi hufunika upungufu huo kwa magunia ya chakula chenye protini ya asilimia 16 hadi 20.

Ukifika, inama utazame vichaka. Kama majani yameliwa sawasawa kuanzia chini hadi mita 1.5 hivi, kana kwamba mtu amepunguza kwa mkasi, wanyama wamezidi. Uliza majike wangapi walipunguzwa mwaka jana na idadi inahesabiwaje. Mwenye kujua kazi yake atakujibu kwa namba papo hapo.

Bei na umri

Bei hupangwa kwa madaraja ya inchi, na kila daraja huongeza maelfu ya dola. Kosa la kukadiria kati ya inchi 158 na 161 linaangukia mfuko wako, kwa hiyo mkataba useme mambo mawili: kipimo ni cha jumla au cha baada ya kutoa tofauti za pande mbili, na nani anakubali gharama pembe zikizidi makadirio. Ukiwa kibandani, tumia masikio kama rula: yakisimama kwa tahadhari, ncha hadi ncha ni karibu inchi 16. Mashina yakipita nje ya masikio kila upande kwa inchi 2, upana unakaribia 20.

Soma pia kifungu cha damu. Karibu kila mahali, tone moja la damu ni malipo kamili, mnyama apatikane asipatikane.

Umri usiachiwe mwongozaji peke yake. Dume wa miaka 2 ana miguu inayoonekana mirefu na tumbo lililopanda. Wa miaka 3 ana kifua kizito, lakini shingo bado inatengana na bega. Kuanzia miaka 5 shingo huingia moja kwa moja kifuani, mgongo na tumbo huanza kulegea, na miguu huonekana mifupi. Pembe hufikia kilele kati ya miaka 5 na 7. Dume wa inchi 200 mwenye umbo la kijana wa miaka 2 au 3 alikuzwa zizini. Umbo lake litakwambia hivyo hata kama karatasi hazisemi.

Ugonjwa ni hoja nzito kuliko zote

Tunaweza kubishana kuhusu haki ya mnyama hadi kesho. Ugonjwa wa kudhoofika wa kulungu, unaojulikana kwa kifupi CWD, haungoji tumalize. Ulitambuliwa kwa mara ya kwanza mwaka 1967 katika kituo cha utafiti Colorado. Husababishwa na prioni, protini iliyopinda vibaya ambayo hupita kwa mate, mkojo, kinyesi na mizoga, na hukaa udongoni kwa miaka. Mnyama anaweza kuubeba zaidi ya mwaka bila dalili. Hakuna dawa wala chanjo, na moto wa jikoni hauui prioni.

Texas iliupata mwaka 2012 kwa kulungu huru wa aina ya mule katika milima ya Hueco, kisha mwaka 2015 katika zizi la wafugaji, Kaunti ya Medina. Kwa hiyo si kweli kwamba uzio ndio chanzo chake. Kilicho kweli ni kwamba kulungu kwa miguu yake husafiri maili chache, ilhali lori humpeleka kaunti nyingine kwa siku moja, na kulungu wengi wanaokula kihori kimoja hulambana mate. Ndiyo sababu biashara ya kuhamisha madume hai inatutia hofu kuliko uzio wenyewe.

Unachofanya: uliza kama ranchi iko ndani ya eneo linalofuatiliwa kwa CWD, imepokea wanyama kutoka wapi, na wangapi wamepimwa. Ukishapiga, kichwa kipelekwe kutolewa tezi za limfu za nyuma ya koo au sehemu ya shina la ubongo. Vaa glavu. Toa nyama kwenye mfupa bila kukata uti wa mgongo wala kupasua ubongo kwa msumeno. Weka nyama ya kila mnyama peke yake kwenye friza, ukiandika namba ya kipimo, na usiile hadi majibu yatoke. CDC, taasisi ya serikali ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, inashauri nyama ya mnyama aliyekutwa na ugonjwa isiliwe.

Kuvuka mpaka wa jimbo nako kuna masharti. Majimbo mengi hukataza mzoga mzima kutoka maeneo yenye CWD. Huruhusu nyama isiyo na mfupa, ngozi bila kichwa, na kipande cha fuvu chenye pembe kilichosafishwa pasibaki nyama wala ubongo. Soma sheria ya jimbo unalotoka, unalopita na unalofika. Anayesahau jimbo la katikati ndiye anayenyang'anywa nyara barabarani.

Sheria hubadilika kila jimbo

Texas huhesabu kulungu wa mkia mweupe kuwa mali ya watu wa jimbo hata akiwa ndani ya uzio wa mtu. Kwa hiyo leseni na lebo za kufunga kwenye mnyama zinahitajika. Leseni ya jumla ya asiye mkazi imekuwa dola 315, na ile ya siku tano haimruhusu kulungu huyu. Majimbo mengine humweka kulungu wa zizini chini ya idara ya kilimo kama mfugo. Montana ilipiga kura mwaka 2000 kupiga marufuku uwindaji wa kulipia kwenye mashamba ya aina hii. North Dakota ilipigia kura pendekezo kama hilo mwaka 2010, likakataliwa.

Ukitaka kusajili nyara

Boone and Crockett Club, iliyoanzishwa mwaka 1887, hupokea madume waliowindwa wakiwa huru pekee. Kwa pembe za kawaida kiwango cha kitabu cha kudumu ni 170, na kwa zisizo za kawaida ni 195, zikipimwa baada ya kukauka siku 60. Pope and Young Club, ya wapiga upinde, ina msimamo uleule kuhusu uzio. Safari Club International hupokea, lakini katika kundi lake la pekee la wanyama wa ndani ya uzio. Jaza fomu ya kundi hilo, na kwenye kibao cha ukutani andika jina la ranchi pamoja na ekari za eneo ulilowindia.