Kambi ya sanaa ya siku tano kwa watoto wasioona: namna ya kuiandaa Nairobi

Watoto wengi wasioona wa Nairobi husomea shule za bweni. Shule ya Wasioona ya Thika, iliyoanzishwa mwaka 1946, ndiyo inayojulikana zaidi. Shule zikifungwa Agosti, mtoto hurudi Kayole au Kawangware ambako wenzake wa mtaani hawamjui, na likizo inakwisha akiwa sebuleni na redio. Kambi ya siku tano inaweza kubadilisha hali hiyo, mradi jambo moja lishikwe tangu mwanzo: kazi ya sanaa iwe ya mtoto mwenyewe, kuanzia kukanda udongo hadi kuamua kazi imekwisha. Hapa ndipo kambi nyingi huharibika. Mtoto anasaidiwa, anasaidiwa tena, mpaka chungu kinakuwa cha msaidizi na mtoto amebaki kukishika tu picha ipigwe.

Maelezo haya yanahusu watoto 16 wa miaka 10 hadi 16, wanaofika asubuhi na kurudi kwao jioni.

Wakati na ukumbi

Likizo ya Aprili huangukia mvua za masika, na ya Novemba na Desemba familia nyingi huenda mashambani. Agosti inafaa zaidi. Chukua wiki ya pili ya likizo: wiki ya kwanza watoto wangali safarini au wamechoka, na ya mwisho wazazi wanahangaikia karo na sare. Kumbuka tu kwamba Agosti ya Nairobi ina baridi. Mikono iliyokufa ganzi haisomi breli, yale maandishi ya nukta yanayosomwa kwa vidole, wala haifinyangi, kwa hiyo waambie wazazi kuhusu sweta na uwe na maji ya vuguvugu ya kunawa.

Shule za kutwa na kumbi za makanisa huwa wazi siku za wiki wakati wa likizo. Kabla ya kuuliza bei, simama katikati ya ukumbi upige kofi moja. Mlio ukizunguka na kukawia kufa, watoto hawatajua anayesema yuko wapi, na mtoto asiyeona akipoteza mwelekeo wa sauti amepoteza ramani yake. Kutundika blanketi au mapazia mazito kwenye kuta mbili zinazotazamana kunasaidia sana. Ukumbi ulio kando ya barabara ya matatu uache hata kama ni wa bure. Paa la mabati bila dari nalo litakunyamazisha mvua ikinyesha.

Pima mlango: sentimita 90 zinatosha kiti cha magurudumu. Kama kuna ngazi, rampu iwe na urefu wa mita 1.2 kwa kila sentimita 10 za kimo. Ikiwa fupi zaidi, mtu anayejisukuma mwenyewe hataipanda, na akishuka ataserereka. Angalia njia ya choo kwa macho ya fimbo nyeupe: mitaro isiyofunikwa, madirisha yanayofungukia nje kwa urefu wa paji la uso, waya za kuanikia nguo. Fimbo hugundua yaliyo chini. Ya juu ni wajibu wako kuyaondoa.

Fomu ya kujiandikisha

Mzazi akiandika "haoni" tu, mpigie simu. Uliza kama mtoto huona mwanga, kama huona maumbo, na kama jua kali humwumiza macho. Uliza anasoma breli, maandishi makubwa au anasikiliza; ana dawa gani za kumeza na saa ngapi, hasa kama ana kifafa; huenda chooni peke yake au la; na ni nani mwenye ruhusa ya kumchukua jioni. Kisha omba uzungumze na mtoto mwenyewe. Dakika tano zake zitakuambia mengi kuliko fomu nzima.

Kila msaidizi awe na cheti cha maadili mema kutoka Idara ya Upelelezi wa Jinai, kinachoombwa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Anza mapema, maana lazima achukuliwe alama za vidole. Ruhusa ya picha iwe kwenye karatasi yake peke yake, na mtoto naye aulizwe. Kwa vifaa vya breli na fimbo, pa kuanzia kuulizia ni Kenya Society for the Blind, chama kilichoundwa kwa sheria mwaka 1956, pamoja na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu.

Wasaidizi

Msaidizi mmoja kwa watoto wawili wasioona kabisa, mmoja kwa wanne wenye uoni hafifu. Wakizidi hapo wanaanza kufanya kazi za watoto ili wasikae bure.

Angalau mwalimu mmoja wa sanaa awe mtu asiyeona. Huko California, Marekani, kambi ya Enchanted Hills ilianzishwa mwaka 1950 na Rose Resnick, mwanamke asiyeona. Mtoto anayefundishwa ngoma au ufinyanzi na mtu mzima asiyeona haambiwi kwamba inawezekana, anaisikia ikifanyika. Mlipe kama mwalimu mwingine yeyote. Nauli peke yake si malipo.

Wape wasaidizi mafunzo ya nusu siku, wakiwa wamefungwa vitambaa machoni kwa zamu. Kuongoza: mtoto ndiye anayeshika mkono wako, juu kidogo ya kiwiko, nawe unatangulia nusu hatua. Usimsukume mgongoni wala kuvuta fimbo yake. Kwenye ngazi simama, sema kama zinapanda au zinashuka, na utaje ya mwisho. Penye wembamba peleka mkono wako nyuma ya mgongo, naye ataingia nyuma yako. Taja jina lako unapofika, na useme unapoondoka; kumwacha mtu akizungumza na hewa kunaumiza.

Lililo kubwa kuliko yote ni mikono. Msaidizi asishike vidole vya mtoto na kuviendesha. Aweke mikono yake kwenye udongo, na mtoto aweke yake juu ya hiyo ya msaidizi, afuatilie inavyokwenda, kisha msaidizi achomoe mikono na mtoto aendelee. Ukimshika wewe, anasubiri kushikwa tena. Akikushika yeye, anaweza kuondoka wakati wowote anapotaka, na vidole vyake viko huru kuchunguza.

Jambo lingine ni saa. Miongozo mingi ya kigeni inashauri ueleze sahani au meza kwa uso wa saa: maharagwe yako saa tatu. Kwa Kiswahili ushauri huu unaleta mkanganyo. Saa tatu asubuhi mshale mfupi uko kwenye tisa, yaani kushoto. Mtoto aliyezoea kutaja saa kwa Kiingereza atapeleka mkono kulia, pengine kwenye chai ya moto. Tumieni kulia, kushoto, karibu nawe na mbali nawe. Na asiseme mtu "pale" au "hiki hapa".

Udongo

Ukiwa na fedha za kazi moja tu, chagua ufinyanzi. Nunua kilo 60: kilo 1 ya mazoezi na 2 za chungu kwa kila mtoto, na zinazobaki ni za ajali. Uweke kwenye ndoo zenye vifuniko, umefunikwa na kitambaa chenye unyevu, kwani mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya mwaka 2017.

Kila mtoto apate ubao wa sentimita 25 kwa 25 uliowekwa juu ya kitambaa kibichi ili usiteleze, sufuria ndogo ya maji (kikombe cha plastiki kitapinduliwa kabla ya chai), na uma. Maji kulia mbele, uma kulia karibu, siku zote tano. Msaidizi anayepanga meza upya "ili ipendeze" anamwibia mtoto nusu saa.

Kitako kiwe na upana wa sentimita 10 na unene wa sentimita 1. Halafu zinasokotwa kamba za udongo nene kama kidole gumba, zinazungushwa moja juu ya nyingine. Kabla ya kila kamba, mtoto akwaruze sehemu zote mbili kwa uma, apake uji wa udongo, ndipo abandike na kulainisha ndani kwa kidole. Watoto huruka kukwaruza kwa sababu kamba inaonekana kushika. Inashika leo, ikikauka inaachia kama ganda. Kamba ikipasuka inaposokotwa, udongo umekauka mno: alowanishe viganja, asimwage maji kwenye udongo. Chungu kikilegea na kujikunja pembeni, kimelowa mno au kimepandishwa haraka. Kiache saa moja mtoto afanye mazoezi ya muziki. Kimo cha sentimita 12 hadi 15 kinatosha.

Usiahidi kwamba Ijumaa watabeba vyungu vilivyochomwa. Kwa baridi ya Agosti kukauka huchukua siku 10 hadi 14, kivulini. Chungu kikiingia tanuruni na unyevu, maji yanageuka mvuke na kukipasua, mara nyingi pamoja na cha jirani yake. Wafundishe watoto kipimo cha shavu: kiguse shavuni, kikiwa baridi kuliko meza bado kina maji. Hawahitaji macho kwa hilo, na huwa wanalipima vizuri kutushinda sisi tunaoona.

Kuchora

Ndiyo, watachora. Nunua wavu laini wa dirisha, ule wa kuzuia mbu, kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Kata mbao nyembamba za sentimita 30 kwa 40, ukaze wavu juu yake kwa pini za stepla upande wa nyuma, na ufunike kingo kwa utepe mpana ili zisikate mikono. Weka juu yake karatasi ya kawaida ya fotokopi, ubane kwa vibanio, mtoto achore kwa kreyoni akikandamiza. Mstari unabaki na mikwaruzo inayosomeka kwa kidole hapo hapo. Karatasi nene haichukui alama, nyembamba inachanika, na penseli inaitoboa.

Mpe kitu kwanza akishike kwa dakika kadhaa, sufuria au kiatu, ndipo achore. Huenda akachora miguu yote minne ya meza ikitoka pembe nne kama nyota. Hakukosea, ndivyo mikono inavyoijua meza. Usimrekebishe.

Jukwaa

Kwa tamthilia ya watoto, tandika mkeka jukwaani, uishie mita moja kabla ya ukingo: nyayo zikiacha mkeka, mwigizaji anajua asimame. Mlango wa kutokea uwe na sauti yake, kwa mfano kayamba dogo linalotikiswa polepole. Maneno ya kila mhusika yarekodi kwenye simu peke yake, vipande vya dakika mbili, na uwatumie watoto kwa WhatsApp wiki moja kabla. Wanaosoma breli wapewe breli, lakini agiza wiki mbili mapema na ujue ukurasa mmoja wa chapa huzaa miwili au mitatu. Wafundishe pia kugeuza uso kwa watazamaji. Wengi hawajaambiwa kamwe, kwa sababu watu waliona haya kuwaambia.

Siku ya kutoka

Jumatano ndiyo siku nzuri, wakiwa wameshazoeana. Makumbusho ya Taifa ya Nairobi yana sanamu ya Ahmed, ndovu wa Marsabit aliyekufa mwaka 1974, yenye ukubwa wake halisi. Andika barua mapema uulize nini kinaweza kuguswa na nani atawapokea, kwani kufika bila barua ni kuwasimamisha watoto 16 mbele ya vioo. Msitu wa Karura unafaa kwa kurekodi ndege na maji kwa ajili ya tamthilia. Ondokeni saa tatu, foleni ya asubuhi ikiwa imepungua. Ukikodi gari, masharti yawe muziki uzimwe na dereva asimame pasipo na mtaro mlangoni.

Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na mawingu ya Agosti hayazuii jua kuunguza ngozi. Watoto wenye ualbino wapakwe mafuta ya kukinga jua ya SPF 30 au zaidi nusu saa kabla ya kutoka, tena kila baada ya saa mbili, wavae mikono mirefu na kofia pana. Ndani ya ukumbi wakae wakilipa dirisha kisogo.

Wakija na wenye ulemavu mwingine

Wapokee. Meza za viti vya magurudumu ziwe na uwazi wa sentimita 70 chini yake. Kwa watoto viziwi tafuta wakalimani wawili wa Lugha ya Ishara ya Kenya wanaopokezana kila dakika 20 au 30. Mmoja akifanya siku nzima, ishara zake huchoka kabla ya chakula cha mchana. Wasisimame dirisha likiwa nyuma yao. Mtoto asiyesikia wala kuona anahitaji mtu wake peke yake, na huyo mtu apatikane kabla hujamkubali mtoto, si baadaye.

Ijumaa

Panga kazi mezani kwa urefu wa kiuno, kila moja na lebo ya breli na ya chapa, na uwaambie wageni wote waguse, wanaoona pia. Msanii asimame kando ya kazi yake ajibu maswali. Mzazi akitaka kumjibia, msogeze kwa upole kwenye chai. Vyungu ambavyo havijachomwa viandikwe jina kwenye kitako kwa msumari, nukta za breli na herufi, na kila mzazi aondoke na tarehe ya kuja kuchukua, wiki tatu mbele. Tarehe hiyo iandikwe pia kwenye simu ya mtoto, kwa sauti yake mwenyewe.