Kulala Ndani ya Gari: Kutoka Ziwa Nakuru hadi Msitu wa Kakamega

Huhitaji basi la kifahari lenye bafu. Hiace kuukuu iliyong'olewa viti vya nyuma, ikawekwa kitanda cha mbao, mtungi wa gesi wa kilo 6 na jerikeni mbili za maji, inatosha kabisa. Kinachotawala safari za huku magharibi mwa Kenya ni mvua ya alasiri. Endesha asubuhi, saa nane mchana uwe umeegesha.

Hatua ya 1: Breki na mzigo. Fundi akague breki kwanza, redio baadaye. Vitu vizito vikae chini, mtungi ufungwe kwa mkanda. Kupika ni nje ya gari, hata kukiwa na baridi, kwa sababu jiko la gesi ndani ya gari lililofungwa linaua.

Hatua ya 2: Usiku wa kwanza, Ziwa Nakuru. Lipa kiingilio cha hifadhi mapema kupitia eCitizen, tovuti ya malipo ya serikali, kwa maana langoni pesa taslimu hazipokelewi. Usitegemee ramani ya zamani: maji ya ziwa yalipanda miaka ya 2010 yakalimeza lango kuu la awali. Kambi ninayoipenda ni ya Makalia, kusini, karibu na maporomoko. Haina ua. Nyati hupita, simba wapo, kwa hiyo giza likiingia haja ndogo ni ya ndoo (wageni hucheka, kisha huiomba). Nyani nao hawachezi: dirisha likibaki wazi, mkate umekwenda.

Hatua ya 3: Kuvuka milima ya Mau. Ondoka lango likifunguliwa saa kumi na mbili asubuhi. Kutoka Salgaa hadi Mau Summit ni mlima mtupu, tazama mshale wa joto la injini. Baada ya Kericho unateremka kuelekea Ahero. Tumia gia ndogo, usining'inie kwenye breki. Wakati wa kurudi, mteremko wa Sachangwan uuogope zaidi, kwani malori mengi yamepotezea breki pale.

Hatua ya 4: Kisumu. Kula samaki Dunga, ufukweni mwa Ziwa Victoria, lakini usilale ukingoni mwa maji, maana viboko hupanda usiku kula nyasi. Funika madirisha kwa chandarua chenye dawa.

Hatua ya 5: Kakamega. Msitu una milango miwili tofauti: Buyangu, kaskazini, iko chini ya KWS (shirika la wanyamapori), Isecheno, kusini, iko chini ya KFS (shirika la misitu). Tiketi ya mmoja haikufungulii mwingine. Mimi huenda Buyangu, kwa sababu mbega huja karibu na kambi na njia ya kwenda maporomoko ya Isiukhu inatembeleka kwa miguu. Egesha pua ya gari ikitazama njia ya kutokea, juu ya nyasi, si kwenye bonde. Udongo ule mwekundu ukilowa, tairi laini halipandi hata kilima kidogo. Ukinyeshewa usiku, chemsha chai, usiwashe injini hadi jua lipige barabara.