Jinsi ya Kuomba Hesabu za Barabara Katika Jimbo la Rajasthan, India

Barabara ya kijiji imewekwa lami juzi tu, mvua ya kwanza imeshaichimba. Tenda alipewa nani? Amelipwa kiasi gani? Lami ilitakiwa iwe na unene gani? Rajasthan maswali haya yana njia rasmi, na walioipigania ni wanavijiji wenyewe. Miaka ya 1990 umoja wa wakulima na vibarua uitwao MKSS ulikuwa ukisoma hesabu za ujenzi hadharani, mbele ya watu walewale ambao majina yao yaliandikwa kuwa wamelipwa. Mwaka 1996 walikaa barabarani mjini Beawar siku 40 wakidai nakala za hesabu hizo. Jimbo likapata sheria yake mwaka 2000, kisha India nzima ikapata Sheria ya Haki ya Habari ya 2005. Hiyo ndiyo utakayoitumia.

Ni haki ya raia wa India. Mwanafunzi wa Kitanzania au Mkenya anayesoma Jaipur, mji mkuu wa jimbo, hawezi kuomba kwa jina lake. Amwachie jirani ambaye ni raia.

Kwanza jua barabara ni ya nani. Barabara za jimbo ziko chini ya Idara ya Ujenzi, PWD. Barabara kuu za taifa ni za serikali kuu, njia za ndani ya kijiji mara nyingi ni za panchayati, yaani serikali ya kijiji, na Jaipur kuna mamlaka ya maendeleo ya jiji, JDA. Ukikosea mlango usirudi nyumbani umevunjika moyo: ofisi iliyopokea barua inatakiwa kuihamishia kwa wahusika ndani ya siku 5.

Sasa barua. Mwandikie ofisa habari wa umma wa ofisi husika, kwa Kihindi au Kiingereza. Asiyejua kuandika aeleze kwa mdomo, na ofisa ana wajibu wa kumsaidia kuyaweka maneno yake kwenye karatasi. Jina na anwani vinatosha. Ukiulizwa "unazitakia nini?", jibu kwa adabu kwamba kifungu cha 6 cha sheria hiyo hakikudai sababu.

Wengi huharibu hapa. Huandika: "Kwa nini barabara yetu ni mbovu?" Ofisa hutoa kumbukumbu zilizopo, si maelezo ya kutungwa, kwa hiyo swali kama hilo hurudi na jibu tupu. Omba karatasi kwa majina yake: makadirio ya gharama, mkataba na mkandarasi, hati ya kuanza kazi, majibu ya vipimo vya ubora, hati za malipo, na zaidi ya zote kitabu cha vipimo. Humo mhandisi huandika urefu, upana na unene wa kazi aliyoipima, na malipo hufuata alichoandika. Taja barabara inaanzia wapi, inaishia wapi, na mwaka wa kazi.

Kisha ongeza sentensi ambayo watu huisahau: "Naomba kukagua kazi yenyewe na kupewa sampuli iliyothibitishwa ya vifaa vilivyotumika." Kifungu cha 2(j) kinakupa haki hiyo waziwazi. Kwangu mimi ndiyo nguvu kubwa ya sheria hii, maana karatasi inaweza kudanganya lakini kokoto haidanganyi.

Ada ni rupia 10. Mwenye kadi ya umaskini halipi. Nakala hulipiwa kando, kwa ukurasa. Usiondoke bila risiti, au nakala yako iliyogongwa mhuri wenye tarehe, kwa sababu siku zinahesabiwa kutoka hapo.

Jibu lije ndani ya siku 30. Likichelewa, nakala unapewa bure. Ukinyimwa au ukinyamaziwa, una siku 30 za kukata rufaa kwa mkubwa wa ofisa huyo. Huko nako ukikwama, una siku 90 za kwenda Tume ya Habari ya jimbo, Jaipur. Tume inaweza kumtoza ofisa rupia 250 kwa kila siku ya kuchelewa, hadi 25,000, na faini hiyo ni yake mwenyewe.

Siku ya ukaguzi nenda na majirani wawili watatu, futi ya kupimia na nakala ya kitabu cha vipimo. Pimeni upana sehemu kadhaa, si moja. Angalieni unene pale ukingo ulipomeguka. Kila kipimo mkiandike kando ya kile cha mhandisi, mstari kwa mstari, na sampuli ichukuliwe mbele ya macho yenu.